Jua la Kusi na Jua la Kaskazi: Kuchagua Mimea ya Kuning'inia kwa Sanduku la Maua Lililo Nusu Kivulini

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wetu, wauza miche mliokuja na mifano ya mimea yenu, na wakaazi wenzangu wa Mji Mkongwe na wa Ng'ambo, Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Nimepewa mada ndogo, na nimefurahi kwamba ni ndogo, kwa sababu mada kubwa za mazingira husemwa sana na kutendwa kidogo. Nimeombwa nieleze namna ya kuchagua mimea inayoning'inia kwa ajili ya sanduku la maua linalopata jua kwa sehemu ya siku na kukaa kivulini kwa sehemu iliyobaki. Ninaposema sanduku, nakusudia lile la mbao au la saruji, pamoja na ndoo ya rangi iliyotobolewa na dumu lililokatwa ubavuni, maadamu limewekwa kwenye roshani, juu ya ukuta wa ua wa ndani, kwenye ngazi, au kwenye kibaraza cha fleti za Michenzani. Wengi wetu tuliomo humu hatuna kiwanja cha kupanda kitu. Tulicho nacho ni ukingo, na mmea unaoning'inia unafaa kwa ukingo kwa kuwa huchukua nafasi ndogo juu na kuitumia ile nafasi ya chini ambayo haina mwenyewe.

Yote nitakayoyasema yanategemea hoja moja. Mtu asianze kwa kuutazama mmea. Aanze kwa kulitazama jua la mahali pake, na alitazame mara mbili kwa mwaka, wakati wa kusi na wakati wa kaskazi, kwa sababu kivuli cha visiwa hivi kinahama.

Kisiwa cha Unguja kipo karibu nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Kwa hiyo jua la saa sita za mchana hutupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Kuanzia Machi hadi Oktoba jua la mchana huinamia upande wa kaskazini, na kuanzia Oktoba hadi Machi huinamia upande wa kusini. Anayetaka kulikumbuka jambo hili bila ya kufungua kalenda alishike hivi: unapovuma upepo wa kusi, jua liko kaskazini, na unapovuma upepo wa kaskazi, jua liko kusini.

Tofauti hiyo si ya kinadharia. Chukueni ukuta wenye kimo cha mita 10, ambao kwa nyumba zetu za ghorofa si mrefu hata kidogo. Saa sita za mchana mwezi wa Juni ukuta huo hutupa kivuli cha karibu mita 5.7 kuelekea kusini, ambapo mwezi wa Disemba, saa hiyo hiyo, hutupa kivuli kinachozidi kidogo mita 3 kuelekea kaskazini. Kwa hivyo roshani inayotazama kaskazini, ambayo mwezi wa Januari mwenye nyumba anaapa kuwa haijui jua la mchana, mwezi wa Julai hupigwa jua kwa muda mrefu ikiwa haina nyumba ya mbele ya kuikinga, na roshani inayotazama kusini huwa kinyume chake. Mmea ulionunuliwa wakati wa kipupwe ukastawi kwa miezi minne au mitano huanza kuungua au kufifia mwezi wa Novemba, na hapo ndipo jirani aliyeusifu wiki iliyopita anaposhukiwa kuwa ameupiga jicho. Jirani hana kosa. Ni jua lililohama.

Roshani zinazotazama mashariki na magharibi zina tabia ya kutulia zaidi, kwani ya mashariki hupata jua la asubuhi mwaka mzima na ya magharibi hupata la alasiri mwaka mzima. Hata hivyo msizihesabu kuwa sawa kwa sababu tu zote mbili hupata nusu siku. Jua la asubuhi hulikuta jani likiwa na maji, hewa ikiwa bado ya baridi na ukuta ukiwa umepoa kwa usiku kucha. Jua la alasiri hulikuta jani limechoka, ukuta wa mawe na chokaa umeshapata moto, na udongo wa sandukuni umeshakauka kwa juu. Mmea ule ule unaopendeza kwenye ukingo wa mashariki unaweza kubabuka kwenye ukingo wa magharibi ingawa muda wa jua ni mmoja. Kama ninyi ni wa kuchagua pahala pa kuweka sanduku, wekeni mashariki, na nusu ya kazi ya kuchagua mimea itakuwa imekwisha.

Watu wa bustani kwa kawaida huita nusu kivuli mahali panapopata jua la moja kwa moja kwa muda wa saa 3 hadi 6 kwa siku. Chini ya hapo ni kivuli, na juu ya hapo ni juani. Namna ya kupima ni rahisi na haihitaji chombo. Siku isiyo na mawingu, tangu asubuhi hadi magharibi, kila baada ya saa moja mtu atazame sanduku lake na aandike kwa chaki ukutani kama jua limefika au halijafika. Kisha arudie mwezi wa Juni au Julai ikiwa mara ya kwanza alipima Disemba au Januari. Asiye na subira ya miezi sita aweke kiganja chake juu ya sanduku wakati wa mchana, umbali wa kama futi moja. Kivuli cha vidole kikionekana chenye kingo kali, mahali hapo pana mwanga mwingi; kikionekana lakini kingo zimefifia, ni mwanga wa wastani unaotosha mimea mingi ya majani; kisipoonekana kabisa, basi hata mmea wa kivuli utaishi hapo kwa tabu. Naongeza kwamba ukuta uliopakwa chokaa jipya hurudisha mwanga mwingi, na nyua nyingi za ndani ambazo zinaonekana kuwa hazifai kitu hugeuka mara tu kuta zake zinapopakwa chokaa.

Sasa tuje kwenye mimea yenyewe, na niruhusuni nianze na ile nitakayoikataa, kwa kuwa ndiyo inayoombwa kuliko mingine. Ya kwanza ni bogenvilia. Kila mtu amewahi kuiona ikimwagika kutoka juu ya ukuta kwa rangi ya zambarau au ya machungwa, na kila mtu huitaka iwe hivyo kwake. Bogenvilia ni mmea wa jua kamili. Ikiwekwa nusu kivulini itatoa matawi marefu, majani mengi na miiba, na rangi haitaonekana isipokuwa kwa uchache. Ya pili ni asmini, na hapa najua ninagusa mioyo, kwani nani asiyetaka kuchuma asmini zake mwenyewe kwa ajili ya kikuba? Asmini huvumilia kivuli kwa maana ya kwamba haifi, lakini maua yake hupungua kila jua linapopungua, na asmini isiyotoa maua ni kichaka cha majani tu. Mwenye roshani ya mashariki inayopata saa 5 au 6 za jua ajaribu. Mwenye ua wa ndani aendelee kununua asmini Darajani.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, lakini kwa mahali pa nusu kivuli kuchagua ni wajibu.

Kwa ua wa ndani, kwenye ngazi, na kwa kila mahali panapopata mwanga wa mbingu bila ya jua la moja kwa moja, au jua la muda mfupi tu la mchana, mmea wa kwanza ninaoupendekeza ni pothosi, ule wenye majani ya umbo la moyo yaliyorashiwa rangi ya manjano. Asili yake ni kisiwa cha Moorea, katika Polinesia ya Ufaransa, na hali ya hewa ya pwani yetu haiupi tabu yoyote. Naomba mchukue mmoja kati ya hii iliyopo mezani muutazame kwa karibu. Kila jani linatoka kwenye kifundo, na upande wa pili wa kifundo kuna kijinundu cha rangi ya kahawia, ambacho ni mzizi unaongoja kugusa maji au udongo. Sasa angalieni urefu wa pingili, yaani nafasi iliyopo kati ya kifundo na kifundo. Kwenye shina hili lililokua karibu na dirisha, majani yamefuatana kwa karibu, na shina lote limefunikwa. Kwenye hili la pili, lililokua chini ya ngazi, pingili zimerefuka, majani ni madogo, na yale mabaka ya manjano yamekaribia kupotea. Mmea ni mmoja, mama yao ni mmoja. Mmea uliokosa mwanga hurefusha pingili ili uutafute, na hupunguza mabaka kwa sababu sehemu isiyo na ukijani hailishi mmea. Kwa hiyo mtu anayetaka pothosi yenye mabaka meupe mengi ajue kwamba anaomba mmea unaotaka mwanga zaidi, si mwanga mdogo zaidi.

Filodendroni ya majani ya moyo, ambayo wengi huichanganya na pothosi, ina majani membamba na laini zaidi na hustahimili kivuli kizito zaidi. Zote mbili zina jambo ambalo muuzaji analazimika kumwambia mnunuzi: utomvu wake una chembechembe zenye ncha kali ambazo huchoma mdomo na ulimi na kuufanya uvimbe. Watoto wanaotambaa na paka wa mitaani, ambao sote tunajua hawabishi hodi, wasiachiwe mashina yaliyofika sakafuni. Nyumba yenye watoto wadogo itaridhika zaidi na mmea buibui, wenye majani marefu membamba yenye mstari mweupe, ambao hauna sumu na ambao hutoa vikonyo virefu vyenye vitoto vya mimea mwishoni. Vitoto hivyo ndivyo vinavyoning'inia, na kila kimoja kikigusa udongo kinajitegemea.

Kangaga pia ni la kivuli, na sanduku lililojaa kangaga kwenye ua wenye kisima au birika ni kitu cha kupendeza sana, ila halitaki upepo. Kaskazi ya Januari ikipenya kwenye roshani, ncha za kangaga hukauka kwa siku chache, na hakuna kiasi cha maji kitakachozirudisha. Liwekeni ndani. Kuna na mmea mwingine ambao ningependa wauza miche wetu waanze kuutafuta: ni aina ya dungusi isiyo na miiba, yenye vijiti vyembamba vya kijani vinavyoning'inia na matunda madogo meupe, ambayo vitabu huiita Rhipsalis baccifera. Jamaa ya dungusi yote asili yake ni Amerika, lakini huu peke yake huota wenyewe Afrika pia, juu ya matawi ya miti misituni. Haujali kivuli, haujali kusahauliwa maji kwa wiki, na uzito wake ni mdogo.

Tukitoka kwenye ua tukaja kwenye ukingo unaopata jua la asubuhi hadi saa nne au saa tano, uwanja unapanuka, na hapa nitazungumza kwa urefu juu ya mmea ambao wengi hawauhesabu kuwa pambo. Nazungumzia matembele. Mviazi kitamu hutambaa kwa asili yake, na ukipandwa kwenye ukingo hauna pa kutambaa isipokuwa chini. Katika nchi za baridi watu hununua kwa fedha nyingi aina zenye majani ya zambarau au ya kijani cha ndimu kwa ajili ya masanduku ya madirishani, na mmea huo ni huu huu tunaoupika kwa nazi. Nusu kivuli huupunguzia viazi, lakini majani yake huwa mapana na laini, na mtu wa roshani hakupanda kwa ajili ya viazi. Kata shina lenye vifundo vitano au sita, ondoa majani ya chini, laza vifundo viwili au vitatu ndani ya udongo, mwagilia, na baada ya wiki moja na kitu litakuwa limeshika. Kila linaporefuka kupita kiasi, chuma ncha. Kuchuma ncha ndiko kunakolifanya litoe matawi mengine pembeni na kuufunika ukingo vizuri, na zile ncha zilizochumwa ndiyo mboga ya siku hiyo. Sijui mmea mwingine wa pambo ambao kuupogoa na kuupika ni kazi moja.

Nderema hufanya karibu hivyo hivyo, ingawa tabia yake ya kwanza ni kupanda juu. Ukiinyima kamba ya kushika, itaning'inia. Inapenda maji mengi kuliko matembele na inafaa zaidi kwa sanduku lenye kina. Wasiopenda mlenda wasiipande, kwa sababu ikipikwa ina utelezi.

Kwa anayetaka rangi, ipo tradeskantia yenye majani ya milia ya fedha kwa juu na zambarau kwa chini, yenye asili ya Meksiko. Ukiiweka kwenye jua la asubuhi inang'ara, na ukiipeleka kwenye kivuli kizito milia hufifia na mashina hurefuka ovyo. Utomvu wake huwasha ngozi za baadhi ya watu, kwa hiyo anayeipogoa avae mifuko mikononi. Ndugu yake wa zambarau tupu anastahimili hata jua la alasiri la roshani za magharibi, na kwa upande ule wa bahari, kuanzia Shangani hadi Malindi, ambako chumvi hupeperushwa hadi kwenye madirisha, ni miongoni mwa mimea michache ya kuning'inia ninayoweza kuipendekeza bila ya wasiwasi. Majani yakionesha kingo za kahawia baada ya siku za upepo mkali, yamwagiwe maji baridi yasiyo ya chumvi juu hadi chini.

Na kwa anayetaka maua hasa, ipo impatiensi, ambayo ni ya kwetu, kwani huota yenyewe kutoka Kenya hadi Msumbiji. Mwaka 1882 Joseph Dalton Hooker wa bustani ya Kew, Uingereza, aliipa jina la Impatiens sultani kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar, ambaye wakati huo alikuwa Seyyid Barghash bin Said, baada ya mmea huo kupelekwa huko na John Kirk, balozi mdogo wa Uingereza aliyekuwa hapa mjini. Jina hilo baadaye liliachwa kwa sababu mmea ulikuwa umeshapewa jina jingine mwaka 1868. Haining'inii kwa mashina marefu, lakini huinama na kumwagika juu ya ukingo, hutoa maua mfululizo kivulini, na vifuko vyake vya mbegu vikikomaa hupasuka kwa kuguswa tu, jambo ambalo watoto hulipenda mno. Kasoro yake ni kiu. Ikikosa maji mchana mmoja wa Februari hulala chini yote, na asiyekuwa nyumbani mchana asiipande.

Nimeulizwa mara nyingi kuhusu mtambuu, pilipili manga na vanila, kwa kuwa ni mimea ya kivuli na ya visiwa hivi. Mimea hiyo kazi yake ni kupanda juu ya mti. Kama ilivyo kwa pothosi, shina linaloshikilia kitu na kupanda hukuza majani, na shina linaloachwa likining'inia huyapunguza. Pothosi ndogo inapendeza. Mtambuu wenye majani madogo haumfai mlaji wala mtazamaji. Wapeni nguzo, msiwape ukingo.

Upo mmea mmoja ambao nitauombea marufuku ya hiari. Ni wedelia, wenye majani ya kijani yanayong'aa na maua ya manjano, ambao hupandwa sana kwenye bustani za pwani kwa sababu hufunika ardhi haraka na huning'inia vizuri hata penye kivuli. Asili yake ni Amerika ya Kati na visiwa vya Karibi, na shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, limeuweka katika orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani. Kipande chenye kifundo kimoja kikitupwa jaani kinaota. Sisi tunaoishi na kunguru walioletwa kutoka Bara Hindi miaka ya 1890 ili wale taka, hatuhitaji kuelezwa kinachofuata pale kiumbe mgeni anapofurahia mahali. Tahadhari hiyo hiyo naiweka, kwa kiwango kidogo, kwa pothosi na tradeskantia: mabaki ya kupogoa yakaushwe juani hadi yafe kabisa kabla ya kutupwa, na kamwe yasitupwe kandokando ya msitu wa Jozani au wa Ngezi kule Pemba.

Udongo nitaupitia kwa haraka, isipokuwa mambo mawili. Kinamo kitupu hushika maji na kuozesha mizizi, kichanga kitupu hakishiki chochote, na kinongo, yaani udongo wa wastani usio mzito wala wa mchanga mtupu, kilichochanganywa na samadi iliyooza na makumbi yaliyosagwa kinafaa mimea yote niliyoitaja. Jambo la kwanza ni makumbi yenyewe. Yale yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kutolewa usumba yamejaa chumvi, na ni lazima yarowekwe kwenye maji baridi na kumwagwa mara kadhaa kabla ya kutumika. Kwa sababu hiyo hiyo msichukue mchanga wa ufukweni, ambao pamoja na chumvi una vipande vya makombe na matumbawe vinavyouzidishia udongo chokaa, na maji yetu ya visima vya mawe ya matumbawe tayari yana chokaa ya kutosha. Jani jipya likiwa la manjano huku mishipa yake ikibaki ya kijani, mara nyingi chokaa ndiyo inayouzuia mmea kupata chuma, na maji ya mvua yaliyokingwa ndiyo dawa rahisi kuliko zote.

Jambo la pili ni ile desturi ya kuweka kokoto au magae chini ya sanduku ili maji yapite. Haisaidii. Maji hayatoki kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto mpaka ule udongo wa juu yake ushibe kabisa, kwa hiyo kokoto hulisogeza tope juu, karibu zaidi na mizizi. Kinachopitisha maji ni matundu. Toboeni matundu mengi, funikeni kila moja kwa kipande cha wavu, na jazeni udongo mmoja kutoka chini hadi juu. Mvua za masika za Aprili zitawahukumu wale waliotoboa tundu moja.

Maji yanayotoka kwenye matundu hayo lazima yawe na pa kwenda. Kisahani kilichowekwa chini ya sanduku kikiachwa na maji huwa nyumba ya mbu wa homa ya dengi, ambayo ilizuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Mbu huyo hubandika mayai yake kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji, na mayai hayo huweza kukaa makavu kwa miezi kisha yakaanguliwa maji yanaporudi. Kumwaga maji peke yake hakutoshi. Kisahani kisuguliwe kwa brashi kila wiki. Mimi binafsi nashauri visahani viondolewe kabisa, isipokuwa pale maji yanapoweza kudondokea ukutani au kwenye mbao.

Na hapo nafika kwenye uzito. Sanduku la sentimita 80 kwa 25 kwa 25 linachukua lita 50 za udongo. Lita moja ya udongo wa shamba uliolowa hufikia kilo moja na nusu au zaidi, kwa hiyo mtu amening'iniza kilo 75 kabla ya kuhesabu sanduku lenyewe. Roshani nyingi za Mji Mkongwe zina mbao za zamani, na sakafu zake zinabebwa na boriti za mikoko zilizofunikwa chokaa, na boriti hizo huoza pale zinapolowa kila siku mahali pamoja. Chagueni sanduku lenye kina cha sentimita 20 badala ya 25, ongezeni makumbi kwenye udongo, na liwekeni karibu na ukuta badala ya kwenye ukingo wa nje. Mashina yatafika nje yenyewe baada ya miezi michache. Kupigilia vyuma kwenye uso wa nyumba iliyomo ndani ya eneo la urithi wa dunia, ambalo UNESCO ililiorodhesha mwaka 2000, ni jambo la kuuliza kwanza kwa Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe.

Kwa upande wa idadi, vitabu vya kigeni huagiza mmea mmoja wa kusimama, wa pili wa kujaza na wa tatu wa kuning'inia katika kila sanduku. Kwa ukingo wa kichochoro naona mbili zinatosha, na mara nyingi mmoja peke yake hupendeza kuliko yote. Miche minne ya matembele, au ya pothosi, iliyopandwa kwa nafasi ya sentimita 20, italifunika sanduku nililolitaja bila ya kugombania maji. Mkichanganya, changanyeni yenye kiu moja: impatiensi na kangaga wakae pamoja, pothosi na mmea buibui wakae pamoja, na ile dungusi ipewe chombo chake.

Mashina yakishaning'inia juu ya njia ya watu, yasishuke chini ya pale anapofika mtu mrefu aliyenyoosha mkono, kwani vichochoroni hupita wachukuzi wenye mizigo kichwani, na shina lililokwama kwenye mzigo hushuka na sanduku zima. Yakateni juu kidogo ya kifundo, na kila kipande chenye vifundo vitatu kiwekeni kwenye chupa ya maji kivulini. Pothosi itatoa mizizi baada ya wiki mbili au tatu. Vipande vilivyomo kwenye ndoo ile ya mlangoni vimekatwa leo asubuhi na ni vya kugawiwa bure, kimoja kwa kila nyumba, na wale wenye roshani za magharibi wachukue vile vya zambarau. Mimea ya kwenye meza ni mali ya wauza miche, na bei mtaelewana wenyewe.

Mwenyekiti, nimemaliza, na ninaomba maswali. Ahsanteni sana.